Boksi Lililoingia Jikoni kwa Wakwe

Ndugu yangu mdogo aliponipigia simu niende Landless, mtaa wa hapo Thika, kuwa msemaji wetu kwenye ruracio, mazungumzo ya mahari ya mwanawe, nilipaswa kumwambia hapana. Nilimwambia, "Nusu saa tu," kana kwamba kuna ruracio ya nusu saa.

Nilikuwa kazini siku hiyo. Kazi yangu ilikuwa kuendesha gari la daktari wa upasuaji wa ubongo aliyekuwa akifanya utafiti. Akitoa uvimbe hospitalini Thika, mimi nilikuwa nikipeleka kipande chake maabara, Ruiru, kikiwa kwenye kichupa ndani ya boksi dogo la baridi. Alinieleza kwa lugha ya shamba: ndani ya uvimbe mna seli chache zilizo kama mizizi ya gugu la sangari; zikibaki, uvimbe unachipuka tena. Alitaka kuzikuza zikiwa hai, ajue dawa ipi inaziua.

"Zipoe, mzee, lakini zisigande. Zikiganda, zimekufa."

Kipande cha siku hiyo kilikuwa cha rafiki yangu, fundi wa nguo wa Makongeni aliyenishonea kila suruali niliyokuwa nayo. Asubuhi, kichwa kikiwa kimenyolewa, aliniambia, "Uniendeshe polepole mpaka Ruiru. Mimi hutapika garini." Tulicheka mpaka muuguzi akanitoa nje.

Landless jua lilikuwa kali, nikaogopa kuacha boksi garini. Nikaingia nalo. Kwetu, mzigo wa wageni wa ruracio hupokewa na akina mama wa boma, na ukishaingia jikoni hauulizwi. Mama mmoja akalichukua mkononi mwangu.

"Huyu amejibebea mwenyewe. Wanawake wa kwenu wamegoma?"

"Hilo ni la kazi, mama."

"Hata sisi tuko kazini," akasema, wakaenda nalo wakiimba.

Nilipaswa kuwafuata. Lakini msemaji wa wakwe alikuwa ameshauliza kama tumepotea njia, watu wakaangua kicheko, nami nikaona aibu kudai kilichopokewa. Nikaketi, nikajibu mafumbo yao, nikala mbuzi. Nilizungumza vizuri sana, sikatai.

Jioni nilipouliza, yule mama alitabasamu. "Hatukufungua, tuna heshima. Tulidhani ni nyama, tukaiweka kwenye friza isiharibike."

Kichupa kilikuwa kigumu kama jiwe.

Nilimweleza daktari yote, hata habari ya mbuzi. Hakunigombeza. Alimwambia fundi kwamba kipande kimeharibika. Sababu akaniachia nimweleze mwenyewe. Boksi akampa dereva mwingine.

Ndoa ile imesimama vizuri, na watoto wao huniita guka, yaani babu. Lakini kwa fundi sikwenda. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo, na nikiwa Makongeni nilizunguka mtaa wa nyuma nisipite mlangoni pake. Aliishi karibu mwaka mzima, akiwauliza watu mbona sionekani. Kwa nusu saa ile nilipoteza kazi niliyoipenda, na rafiki yangu akafa akidhani nimemchoka.