Ndagala Chini ya Kofia

Mimi ndiye prezida wa korali yetu ya waimbaji hapa Uvira, na ukubwa ninaupenda, siwafichi. Jumamosi iliyopita tulipanda mtumbwi wa mota kwenda kutembelea kisiwa kinacholindwa, tuone viboko na ndege. Mlinzi alitupokea na sharti moja: hakuna kuingia na chakula, kwa maana wanyama wanazoea vibaya.

Nani alijitolea kukagua mifuko? Mimi! Hata Mama Furaha, aliyetuzidi wote umri, nilimnyang'anya sufuria yake ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, nikaiacha mtumbwini.

"Prezida, sasa tutakula nini?" aliniuliza.

"Vumilieni, Mama. Hata minye sina kitu."

Wakati huo, chini ya kofia yangu kulikuwa na kifuko cha samaki wadogo wa ziwani, ndagala za kukaanga, bado za moto. Mafuta yalinishuka nyuma ya sikio, nami nikawa najipangusa kama mtu aliyechoshwa na kazi ya uongozi.

Tulipofika kwenye matete, viboko wakainua vichwa. Nikanyoosha mkono niwafundishe wenzangu habari zao, ingawa hakuna aliyeniuliza. Hapo mwewe akashuka, akanyakua kofia, kifuko kikapasuka, na ndagala zikainyeshea korali nzima.

Hakuna aliyecheka. Nafikiri kama wangecheka, ningepona.

Mama Furaha alichomoa ndagala moja kwenye kitambaa chake cha kichwa, akaitafuna polepole, akinitazama kwa huruma.

"Pole, Prezida," akasema. "Sasa weye utakula nini?"