Kipulizio cha Mwenyekiti

Nasema wazi: yule mzee aliniudhi, na mpaka leo nikimwona sokoni Bariadi nageuza uso.

Alikuwa mwenyekiti wa bendi yetu ya tarumbeta kanisani. Kabla ya hapo alikuwa mtunza stoo wa kinu cha pamba, enzi za ushirika. Biashara ilipofunguliwa na ushirika ukayumba, akageuka mnunuzi binafsi, akapata lori na kofia mpya. Ila stoo haikumtoka. Kule ulikuwa hupewi kifaa kipya mpaka urudishe kibovu.

Mimi nilipiga tarumbeta dogo, lile la sauti ya juu kabisa. Alinifundisha baba, aliyelipiga kabla yangu mpaka kifua kikamkatalia. Mwaka ule alikuwa hoi kitandani, nyumbani Kasoli. Akaniambia, "Mayu," kama kwetu tunavyowaita mabinti, "siku nikizikwa unipigie wewe. Usimwachie mtu." Nikamwahidi.

Jumapili moja mwenyekiti akatoa kipulizio kipya mbele ya watu, kile kikombe cha chuma unachowekea midomo. Kinang'aa! Akanyoosha mkono. "Lete kile cha zamani." Cha zamani kilikuwa cheusi, ukingo umelika, lakini midomo yangu ilikijua. Ningeweza kukataa. Nikampa, nikasema asante mzee. Mjinga mimi!

Nyumbani nikakijaribu. Mkia wake, ule unaoingia kwenye tarumbeta, mwembamba, unacheza. Nikauzungushia uzi wa pamba ukakaza. Kikombe chenyewe kirefu kwenda ndani, hakikutengenezwa kwa tarumbeta dogo. Sauti za chini zikatoka nzito, nzuri tu. Za juu, hakuna. Nikabana midomo mpaka ikavimba, wiki ya kwanza, wiki ya pili. Baba alinisikia kutoka chumbani kwake. "Hicho siyo chenyewe," akasema. "Karudishe, uchukue kile chetu."

Nikaenda mjini mbio. Mwenyekiti alikuwa anapima pamba, hata kuinua macho hakuinua. "Kile kibovu? Kimeshaenda Mwanza na vyuma chakavu vya kinu. Sasa hivi ni mambo mapya, mayu. Zoea tu."

Zoea tu! Mtu ambaye hajawahi kupuliza hata filimbi! Nikarudi Kasoli nalia njia nzima. Nilifanya mazoezi siku nyingine tano. Ya sita, baba akafariki.

Pale kaburini nikasimama na wenzangu wa bendi. Wimbo aliouchagua unaanza chini, halafu unapanda. Pa chini nikapiga vizuri. Ulipopanda, ikatoka hewa. Nikarudia. Hewa. Watu wakatazama chini. Mwenyekiti akamgusa bega mpigaji wa tarumbeta kubwa, akanong'ona, na mimi nikasikia: "Mpokee, huyu pumzi yake ndogo."

Pumzi! Nilitaka nimrushie kile kipulizio usoni. Sikumrushia, maana mama alikuwa ananitazama. Nikashusha tarumbeta langu. Yule mwenzangu akaumalizia wimbo, vizuri, tena vizuri sana, huku udongo unaingia. Baba yangu aliniomba kitu kimoja tu, na akazikwa akipigiwa na mtu mwingine.