Kifua cha Baba na Msimu wa Salfa

Nina duka la dawa pale Chuno, Mtwara, na nina mdomo. Hivyo viwili vikikutana, ukoo mzima unakutii. Mtu akiumwa kijijini ananipigia simu mimi kwanza, nami namjibu papo hapo, utadhani nimemwona.

Baba alianza kulalamika kifua msimu wa kupulizia mikorosho. Mashine aliibeba mwenyewe mgongoni, salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, imemjaa mpaka kwenye nyusi. Kwetu kila anayepulizia hukohoa na kubanwa kifua. Anakunywa maziwa, msimu unapita. Basi akanipigia: "Mama, kifua kinanibana nikipanda kile kilima cha shambani. Nikisimama kinaachia."

"Salfa hiyo, baba. Kunywa maziwa, ufunge kitambaa puani. Usianze kudeka!"

Akacheka. Ee Mungu wangu, alicheka.

Msimu uliofuata akaniambia hivyo hivyo, kwamba mwaka mzima kilima kilikuwa kinambana, na safari hii mkono wa kushoto nao ulikuwa mzito. Nikamtumia maziwa ya kopo. Hata presha sikumpima, mimi ambaye kipimo kiko mezani kwangu! Wala sikujiuliza salfa gani hiyo inayombana mtu akipanda kilima tu, hata miezi ambayo hakuna anayepulizia.

Msimu wa tatu akaanguka shambani. Mtwara wakampima, wakatuandikia kwenda Dar. Huko daktari alituonyesha kwenye skrini: mshipa mmoja wa moyo umeziba kabisa, na haukuziba jana. Pembeni vilikuwa vimeota vimishipa vyembamba, mwili ukijitafutia njia wenyewe. Wangejaribu kuufungua bila kupasua kifua, kwa mrija wa kupitia mkononi na mwingine wa kupitia kwenye paja, na ndani yake waya mwembamba kama uzi wa kushonea. Baba alikuwa na swali moja tu: "Nitarudi kupanda kilima changu?"

Daktari akasema tuombe Mungu.

Nilikaa kwenye benchi masaa matatu. Baadaye niliambiwa waya ulikataa kupita kwa mbele, wakauzungusha kwa nyuma kupitia vile vimishipa, wakapanua palipoziba kwa kiputo, wakaacha kijibomba cha wavu wa chuma. Daktari alitoka anatabasamu: mshipa umefunguka. Nikalia, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka watu wakanigeukia.

Siku mbili baadaye, baada ya vipimo vingine, alikuja kitandani bila lile tabasamu. Damu inapita vizuri, akasema, lakini sehemu kubwa ya msuli wa moyo ilishakufa kwa kukaa muda mrefu bila damu, na hiyo haifufuki. Maumivu yatapungua. Kilima, hapana. Jembe, hapana.

"Mzee, hali hii ilianza lini?"

"Mwaka wa tatu sasa."

"Na miaka yote hiyo hukumwambia mtu? Hata huyu binti yako?"

Baba alinitazama mimi kwanza, kisha yeye. "Sikumwambia mtu, daktari. Ubishi wangu tu."

Daktari akamgombeza, kwa upole lakini akamgombeza, na baba akaitikia kila neno: "Kweli, nimekosa. Kweli kabisa." Nilikuwa nimesimama palepale. Nikayasikia yote, nikamwacha mzee wa watu agombezwe kwa kosa langu.