Dakika Kumi Kutoka Waithaka

Hii mnayotaka niwasimulie bado inaniuma, kwa hivyo mkicheka chekeni polepole. Sijawahi kuona aibu kama ile, na ya kujitakia.

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya tiketi za ndege pale Hurlingham. Siku ya kuhojiwa, Madam, mwenye ofisi, alisema anataka mtu anayekaa karibu, wa kushika ufunguo, ambao ulikuwa mmoja tu, na kufungua saa moja kamili, sasa mimi wa Waithaka, karibu saa mbili kwa miguu, nikajaza kwenye fomu jina la fleti fulani za Hurlingham: natembea, dakika kumi. (Kutembea nilikuwa natembea kweli.) Kila alfajiri nilitoka na gambuti, vile viatu virefu vya mpira vya matope, nikifika kwa fundi wa viatu karibu na ofisi namwachia gambuti chini ya meza, navaa viatu vyangu vyeusi alivyonitunzia, naingia kazini msafi kabisa. Miezi mitano hakuna aliyeshuku, nami nikaanza kujiona mjanja.

Basi Jumamosi moja, siku ambayo hatufungui, mvua inanyesha na matatu za njia yetu zimegoma, simu ikalia kabla ya saa mbili asubuhi.

"Barasa, kuna mama pasipoti yake na tiketi ziko kwa kabati, na ndege ni saa tano. Ako njiani anakuja. Utamfungulia?"

Hapo ndipo ningesema niko Waithaka, Madam angefoka kidogo halafu angetafuta njia. Lakini nilimezwa na uongo wangu mwenyewe, nikajibu, "Hakuna shida, Madam. Dakika kumi."

Nikakimbia. Matope yananivuta gambuti, Kawangware watu wananipisha wakidhani nafukuzwa, na simu ikilia natoa jibu jipya: naoga, natafuta ufunguo, niko kwa geti. Mwishowe nikaizima (mtu mzima, na ndevu zangu, nazima simu kwa woga). Kufika saa nne, kibanda cha fundi kina kufuli na viatu vyangu viko ndani, ikabidi nijitokeze hivyo hivyo, udongo mwekundu mpaka magotini.

Kwenye ngazi alikuwa amesimama Madam, na kando yake soja wa zile fleti nilizodai nakaa. Madam alikuwa ameenda kunigongea mlango.

"Mimi nalinda pale miaka sita," soja akasema akinitazama gambuti. "Huyu simjui."

Yule mama alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, dereva wake amesimama nyuma. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Binti yake alikuwa ng'ambo, anapasuliwa Jumatatu, na mama alitaka kufika kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Nilifungua mlango, lakini ndege ile asingeiwahi tena; Madam akapiga simu hapa na pale, na nafasi iliyopatikana kwa ndege nyingine ilikuwa ya Jumanne. Kisha akanyoosha mkono nimpe ufunguo.

Mama ndiye aliyeuliza. "Kwani unakaa wapi, kijana wangu?"

"Waithaka."

Akamgeukia dereva, halafu akanirudia. "Sisi tumetoka Kikuyu. Tumepita hapo Waithaka saa mbili unusu, na gari haikuwa na mtu. Si tungekubeba?"

Madam hakunifuta kazi, ingawa nilitamani anifute nisiwe nikimwona kila siku. Ndiye aliyeniambia baadaye kwamba yule binti alipona. Lakini aliingia kupasuliwa bila mama yake, na hilo ni juu yangu mimi, si matatu wala mvua. Siku hizi ukiniuliza nakaa wapi nakujibu Waithaka kabla hujamaliza swali, na kama una gari nakuonyesha hadi mahali pa kusimama.