Mzinga wa Erasmus Kwenye Ukumbi wa Ladislas

Erasmus alikuwa mchonga vinyago wa Mpanda na, kwa maelezo yake mwenyewe, dhamiri ya mkoa mzima. Cheo hicho hakikuwa na mgombea mwingine.

Makumbusho madogo ya jamii yalipokuwa yanajengwa njia ya Sitalike, yeye ndiye aliyetengeneza mzinga mkubwa wa gome, kama wa warina asali wa Ugalla. Alipouona umefanana na pipa tupu, akaupaka nta na kuufukiza ndani, kama mzinga mpya unavyoandaliwa porini. Alitaka unukie ukweli.

Kisha ikatangazwa kuwa ukumbi wake utaitwa kwa jina la Ladislas, mwenyekiti wa bodi na mfadhili, tajiri wa mbao ambaye malori yake yalikuwa yameuacha msitu umebaki visiki.

"Anamaliza miti porini, halafu anatutundikia picha za miti ukutani," alisema Wema, mchoraji, wakiwa kwenye kibanda cha chai. "Kabla ya ufunguzi kila mtu aondoe kazi zake mle ukumbini. Na wewe fundi, ukiuacha mzinga wako pale, mgomo umekufa. Watakuona umenunuliwa."

Erasmus alikwenda nyumbani kuandika tamko. Mkewe Tereza alimtazama huku akichambua maharage.

"Baba Glory, hiyo meza mbao zake umetoa wapi?"

"Yadi."

"Yadi ya nani?"

"Mama Glory, hapa tunazungumzia maadili."

"Na ule mti uliouchuna gome lote, si umekufa?"

"Ule umekufa kwa ajili ya utamaduni."

Tereza alirudi kwenye maharage, ambayo angalau yalikuwa na akili.

Asubuhi ya ufunguzi Wema alishapakia picha zake kwenye bajaji. Erasmus alifika na kamba mabegani, kifua mbele, akasukuma mlango wa ukumbi. Akaurudisha haraka sana. Kundi zima la nyuki lilikuwa limeingia dirishani kufuata harufu ya nta na kuhamia kwenye mzinga wake. Kwa nyuki, kazi ile haikuwa sanaa. Ilikuwa nyumba.

Ladislas alikuja mbio, suti imeshonwa vizuri. "Fundi, toa mzinga wako. Wageni wako njiani."

Erasmus aliduwaa. Tajiri alikuwa anamsihi afanye kile kile alichokuja kukifanya kwa nguvu.

"Nyuki wakishahamia, bosi, mzinga hauguswi jua likiwaka," alisema. Hilo lilikuwa kweli. Kwamba alikuwa ameshasogea nyuma hatua tatu, hilo pia lilikuwa kweli, ila hakulisema.

"Nitakulipa."

"Toa kwanza jina lako pale juu," Erasmus alisikia mdomo wake ukisema.

Ladislas alitazama kibao chenye jina lake. Kilikuwa juu ya mlango, na nyuki walikuwa wameanza kukizunguka. "Panda wewe ukitoe," akasema kwa upole.

Hakuna aliyepanda. Hotuba zilisomewa ng'ambo ya barabara, chini ya turubai, na hakuna mgeni aliyeukanyaga ukumbi. Wema alimshika Erasmus mkono mbele za watu. "Kaka, mimi nimetoa picha tu. Wewe umeufunga ukumbi."

Erasmus alitaka kumweleza. Badala yake akawapungia watu mkono.

Jioni Tereza alimuuliza kama kweli aligoma.

"Nilisimama imara," alijibu.

"Wapi?"

"Pale pale," alisema, "karibu na turubai."