Pedeli Laini ya Mzee Mwikwabe

Mzee Mwikwabe aliendesha gari peku maisha yake yote. Alianza na malori ya pamba ya Bunda, na alipoyaacha akanunua Corolla kuukuu ya kubebea abiria wa Butiama. Kila alipoingia garini alivua viatu na kuvisukuma chini ya kiti. Alisema mguu wenye kiatu hausikii gari.

Jumatatu moja alifika gereji ya Nyamburi, pale Bunda, akiwa na mkewe Consolata. Jana yake, karibu na Nyamuswa, alichelewa kusimama akamgonga ndama na kumvunja mguu.

"Breki imelegea," alimwambia Nyamburi. "Nikikanyaga ni kama nakanyaga godoro."

"Tangu lini, baba?"

"Miezi kadhaa. Nilikuwaga nadhani nitazoea." Akashusha sauti. "Mwenye ng'ombe ameniuliza kama bado nafaa kuendesha. Nimemwambia ni breki. Itafute, binti yangu."

Nyamburi alifungua boneti. Mafuta ya breki yalijaa hadi kwenye alama. Alizunguka magurudumu yote akitafuta unyevu, yote yalikuwa makavu. Akamwambia mzee akanyage haraka haraka, kwa sababu kama kuna upepo ndani, pedeli hupanda.

"Imepanda?"

"Ni laini vilevile."

Alifungua skrubu za kutolea upepo, gurudumu moja baada ya jingine. Yalitoka mafuta matupu, bila povu. Akaishika mipira inayopitisha mafuta ya breki, mzee akiwa amekanyaga, na hakuna uliovimba. Mwishowe aliketi mwenyewe, akawasha injini, akakanyaga na kushikilia. Silinda kuu ikiwa mbovu, pedeli huzama polepole. Hii haikuzama.

"Baba, mbona iko sawa?"

"Wewe una mguu wa fundi. Mwache mama yako akae."

Consolata, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, aliingia akicheka. "Nikiondoka nalo msinitafute." Akakanyaga. Kicheko kikaisha. "Inanirudisha mguu, baba Fredy."

"Kanyaga tena."

"Nimekanyaga. Ni ngumu."

Mzee alirudi kitini mwenyewe. Nyamburi alichuchumaa mlangoni ili aone kwa macho pedeli inafika wapi. Ilishuka kidogo, ikagoma. Lakini mguu ulipoinuka, alichokitazama sasa ni unyayo wa mzee. Chini ya kidole gumba kilikuwa kimezama kipande cha waya, na damu iliyokizunguka ilikuwa imekauka siku nyingi.

"Hapa hapaumi, baba?"

"Wapi?"

"Hapa."

"Umeshagusa?"

Consolata aligeuka, akatazama ukutani. Mumewe alikuwa akiugua kisukari kwa miaka mingi. Kila alipokwenda kliniki nesi alimuuliza kuhusu miguu, naye alijibu kuwa ni mizima, maana haikuwa ikimuuma.

Mzee alikanyaga tena pedeli, taratibu, akiutazama mguu wake kama mguu wa mtu mwingine.

"Badilisha pedi za breki," alisema.

"Pedi ni nzima, baba."

"Basi hiyo silinda. Badilisha chochote, Nyamburi."

Nyamburi alifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi. "Hakuna cha kubadilisha. Twende hospitali. Huo waya usiuguse, watautoa wenyewe."

Mzee akachomoa ufunguo na kumpa Nyamburi, ingawa hakuwa ameuomba. Akavitoa viatu chini ya kiti. Cha kushoto alikivaa. Cha kulia Consolata alikibeba mkononi, baada ya kuufunga mguu kwa kilemba chake.

Wakapanda bajaji. Mbele ya soko mbuzi walikatiza barabara, dereva akapunguza mwendo. Consolata aliuona mguu wa kulia wa mumewe ukinyooka na kukanyaga sakafu tupu kwa nguvu zote. Akageuza uso upande wa maduka, mumewe asije akajua kwamba amemwona.