"Nimekuacha," aliniambia kwenye ngazi za mahekalu

Assalamu alaykum. Kwanza niwieni radhi kwa kimya changu kirefu. Nilipowaandikia mara ya kwanza mlinijibu mkaniambia nikiandike kisa chote, nanyi mtalificha jina langu, lakini kila niliposhika simu aibu ilinishika mkono. Leo nimebanwa, sina budi.

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minane. Nilizaliwa Unguja, naishi Ibra, huku Uarabuni, na umri wangu wa kazi wote nilisomesha sarufi ya Kiarabu katika skuli za wasichana. Sarufi ya Kiswahili niliipata utotoni, kwa fimbo. Mume wangu naye ni mtu wa Unguja, na tumeoana tangu ujana. Katika ujana huo aliniacha mara mbili, na mara zote mbili alinirejea kabla eda haijaisha. Kwa hivyo baina yetu imebakia talaka moja tu. Tumeishi nayo miaka mingi kama watu wanaoishi na nyoka darini: yupo, lakini hachokozwi.

Mwanetu wa kiume alifariki miaka michache iliyopita, gari lake lilipopinduka kwenye michanga ya Bidiya. Siku za matanga zilipokwisha nilikataza kilio nyumbani mwangu. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa. Mume wangu hakubisha. Alinyamaza, na akazidi kunyamaza.

Binti yetu akaona tutembee tupunguze huzuni. Akatulipia safari ya kikundi kwenda Uchina, na ndani yake ikawemo siku ya kuzuru mlima ambao Mabudha wanautukuza. Kiongozi wetu alikuwa msichana wa Kichina asemaye Kiarabu kizuri, amebeba kibendera cha manjano ili tusipoteane. Tulipanda ngazi za mawe kutoka hekalu hadi hekalu, ukungu umetanda, kima wakiwapora watu mifuko. Magoti yaliniuma lakini sikulalamika. Nilikwenda kutazama, na kutazama si dhambi.

Katika hekalu la juu kabisa kiongozi alitueleza kwamba wenyeji huwawashia maiti wao vijiti vya ubani. Tukatoka. Kugeuka, simwoni mume wangu. Nilirudi ndani nikamkuta mbele ya sanamu kubwa, kijiti kinafuka mkononi, machozi yanamshuka hadi ndevuni, analitaja jina la mwanetu. Siku ya mazishi sikuyaona machozi yale.

Nilisema, na kikundi kizima kinasikia, "Bwana, unaabudu sanamu?"

"Namkumbuka mwanangu," akanijibu. "Kwani wewe nyumbani huchomi ubani? Moshi ni moshi."

"Ubani wa nyumbani hausimamishwi mbele ya miungu. Na ufute machozi, watu wanakutazama."

Alikichomeka kijiti kwenye majivu akatoka. Nilimfuata mpaka juu ya ngazi, huku naendelea kumsomesha. Akageuka, akanitazama kama mtu asiyenijua, akasema taratibu, "Mwalimu, nimekuacha." Kisha akashuka. Binti yetu alikuwa ubavuni pangu, naye alisikia.

Tangu turudi naishi kwa binti yangu. Mume wangu asema hakukusudia talaka. Ati alikusudia kwamba aniacha kule juu, yeye anashuka zake. Binti yetu anamuunga mkono.

"Mama, hii neno ina maana mbili."

"Neno hili lina," nikamwambia.

"Haya, lina. Basi mwambie shekhe baba kakwambia taraktuki, si tallaqtuki. Khalas, urudi nyumbani kwako." Kwa Kiarabu la kwanza ni kumwacha mtu mahali, la pili ni kumpa talaka.

Shekhe ni Mwarabu wa hapa, Kiswahili hakijui. Aliwasikiliza baba na binti, kisha akanigeukia mimi. "Ustadha, wewe ndiye mwenye lugha. Neno hilo kwenu likiwa ni talaka waziwazi, nia yake siiulizi. Likiwa na njia mbili, nitaichukua nia yake." Nilimwomba muda.

Kwetu, mume akimwambia mkewe "nimekuacha", hata mtoto anajua kilichotokea. Tena kitenzi kina "-me-", tendo lililokwisha kutimia, na mguu wake ulikuwa bado haujateremka ngazi hata moja. Anayetaka kushuka husema "nakuacha". Sarufi iko wazi.

Lakini mume wangu hajapata kuifuata sarufi. Miaka yote akitaka kutoka, husimama mlangoni, viatu hajavaa, akasema, "Haya, nimekwenda." Nami humsahihisha: "Hujaenda, bado upo. Sema nakwenda." Naye hucheka. "Nikisema nakwenda, Mwalimu, utapata nafasi ya kunituma dukani."

Nikimweleza shekhe kosa hilo, neno litakuwa na njia mbili na ndoa itasimama. Nisipomweleza, imekwisha, na kurejewa hakuna tena.

Mtasema, basi mweleze. Nami niliyaona macho yake. Hayakuwa macho ya mtu anayeshuka ngazi. Nikilishika kosa la kitenzi ili nibaki kwake, naogopa nitamalizia umri wangu na mwanamume asiyekuwa halali yangu. Nikinyamaza, nitakuwa nimemwadhibu mzee wa watu kwa sababu alimlilia mwanawe mahali pa kwanza alipopata nafasi ya kulia.

Juzi alileta tende za shambani. Hakuingia ndani. Nilikuwa nyuma ya pazia nikamsikia akimkabidhi binti yake kikapu. Akasimama kidogo, kisha akasema, "Haya, nakwenda."

Amelisema sawasawa, kama nilivyokuwa nikimfundisha siku zote. Nami nilitamani alikosee.

Shekhe ananingoja baada ya sala ya Ijumaa. Nishaurini, ndugu zangu, nimwambie neno hilo ni nini? Nikishakata shauri nitawaandikia, liwe lolote litakalokuwa.